Mwanya wa Sitara

Wiki jana mliniacha nimechuchumaa nyuma ya matairi chakavu, sikio nimelibandika kwenye bati, pumzi nimeimeza.

Aliyejiunga nasi leo asihangaike. Mimi ni Jovitha, nauza spea katika duka la baba yangu, Mzee Aaron, hapa Gerezani. Upande wa pili wa bati ni gereji ya Tarsis, na Tarsis ni mchumba wangu. Kanisani tumeshatangazwa mara mbili. Limebaki tangazo la tatu, la Jumapili hii, kisha padri atufungishe ndoa.

Na sauti niliyoisikia kupitia bati lile ilikuwa ya Tarsis huyohuyo. Alikuwa akimwambia mwanamke:

"Dada Sitara, huo mwanya wako ndio unaoninyima usingizi."

Mwanamke akacheka. Kicheko kirefu, cha mtu asiye na haraka ya kurudi kwao.

Sasa mjue kitu. Sitara ana mwanya. Si wa kubahatisha, ni mwanya hasa, katikati ya meno ya juu, ule ambao watu wa pwani wanauhesabu kuwa nusu ya mahari. Mimi meno yangu yamebanana kama maduka ya Mtaa wa Kongo. Hata uzi haupiti.

Sikuzunguka kupitia mlangoni. Nilisukuma bati likang'oka msumari, nikatokeza mbele yao kama mgambo.

"Mwanya wa nani?" niliuliza.

Tarsis alikuwa ameinama kwenye boneti ya gari jeupe la Sitara, ameshika plagi kwa vidole viwili. Akanitazama, akatazama bati, akanitazama tena.

"Jovi, mlango una nini?"

"Nimeuliza, mwanya wa nani?"

"Wa plagi!" Akaninyooshea ile plagi. "Hebu njoo uone. Nilipomwongezea upepo kwenye turbo, gari likaanza kumisi. Ukikanyaga mafuta linakohoa, linapiga risasi kwenye bomba la moshi. Kumbe ni mwanya. Kabla ya upepo huu mwanya mpana haukuwa na shida. Sasa turbo inapuliza kwa nguvu, cheche inazimwa kabla haijaruka, kama mtu anavyokupulizia kiberiti. Nikiubana mwanya, kwisha habari."

Aibu ilinishika hadi masikioni. Mtoto wa muuza spea nisijue mwanya wa plagi!

Ningeondoka pale na aibu yangu, hadithi hii ingekwisha na nyinyi mngesoma mengine. Lakini Sitara alikuwa bado hajafunga mdomo.

"Fundi," alisema, akiegemea gari lake, "na huu wa kwangu unapimwa na geji ipi?"

Akaonyesha meno.

Tarsis alicheka hadi plagi ikamponyoka.

Sitara ni mwenyeji wa Upanga, ana duka la mapazia Kariakoo. Aliachika mwaka juzi, na anavyolisema neno "nimeachika" utadhani anasema "nimepandishwa cheo". Turbo aliitaka kwa sababu kaka zake wana magari makali, wakimpita Barabara ya Bagamoyo wanampungia mkono. Akaapa siku moja atawapungia yeye.

Kwa hilo simlaumu. Ninachomlaumu ni kilichofuata.

"Nifundishe kupima," alimwambia Tarsis. "Nikikwama niwe najua."

Basi Tarsis akachukua geji, ile yenye majani membamba ya chuma, akamshikisha. Akamwongoza kidole. "Jani hili lipite kwa kujikwaruza kidogo. Likipita bure, mwanya ni mkubwa. Umesikia linavyokwaruza?"

"Nasikia," alisema Sitara kwa sauti ya mtu anayesikia mengine.

"Basi kaa nayo hiyo geji. Mimi nitapata nyingine."

Ile geji nilimpa mimi! Nilimnunulia siku aliyoleta barua ya posa, nikaifunga kwa utepe. Wengine wanapewa saa, wengine manukato. Mimi nilijua fundi anapenda nini. Leo inaingia katika pochi ya mwanamke mwingine, tena pochi yenye harufu ya udi.

"Asante, fundi. Wifi, kwaheri eeh," akaniambia Sitara, akapanda gari, akaondoka. Gari halikukohoa hata mara moja.

Wifi! Mwanamke akikuita wifi bila udugu, kaa chonjo.

*

Siku mbili zilipita. Gari la Sitara likarudi, safari hii kubadilishwa oili tu. Akaliacha asubuhi, akaenda dukani kwake. Tarsis akalimaliza, kisha akavuka kwenda Msimbazi kutafuta spea ya gari la mteja mwingine.

Gereji ikabaki wazi, na mimi nikabaki na lile gari.

Shetani hakunishauri. Watu wanamsingizia bure. Nilijishauri mwenyewe, kwa akili zangu timamu na stashahada yangu ya biashara. Nilijiambia hivi: mteja anamfuata fundi kwa sababu gari linapona. Likirudi kuumwa, atasema fundi huyu hajui kitu, atakwenda kwa mwingine. Tarsis atapoteza mteja mmoja. Mimi nitapata usingizi.

Nikainua boneti. Koili, zile zinazozipa plagi umeme, zinakaa juu kabisa, si kazi. Nikazitoa, nikafungua plagi, nikachukua bisibisi ndogo. Ile ncha iliyojipinda juu ya plagi, sisi tunaiita kidole. Nikainua kidole cha kwanza. Kikatii. Nikainua cha pili.

Kila kidole nilichokiinua nilisema moyoni: na huu ndio mwanya, mama, chukua.

Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikafuta alama za mikono kwa tambara, nikageuka.

Bi Fatuma alikuwa amesimama na sinia la chapati kichwani.

Bi Fatuma anapika pembeni ya gereji tangu sijazaliwa. Haoni vizuri, lakini hakuna asichokiona.

"Shikamoo, Bi Fatuma."

"Marahaba. Unamsaidia mumeo?"

"Namsaidia."

"Mh," alisema. Akatua sinia. "Mungu awape nguvu."

*

Sitara alilichukua gari mchana. Hata chai ya jioni sijaimaliza, simu ya Tarsis ikaita. Mikono yake ilikuwa na grisi, akaifungulia sauti.

"Fundi! Inamisi tena! Niko karibu na Muhimbili hapa, nikikanyaga mafuta inanitapikia, bodaboda wananicheka!"

Nilingoja aseme: wewe si fundi. Nilingoja atukane. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa huruma.

"Usijali, dada Sitara, nakuja," alisema Tarsis. Akanawa, akaruka kwenye bajaji.

Alirudi amechelewa. Alikuwa amembadilishia koili.

Kesho yake gari likamisi tena. Safari hii Sitara akalileta mwenyewe, na hotipoti la biriani juu.

"Nimekusumbua sana, fundi. Nikaona nisije mikono mitupu."

Tarsis akakaza vibanio vya mipira ya upepo, akasafisha, akaliwasha. Gari likasimama pale linaunguruma kama paka aliyeshiba.

"Likisimama halimisi," alisema. "Linamisi turbo ikipuliza. Lazima tulipeleke barabarani nilisikilize."

"Twende," alisema Sitara, akamfungulia mlango.

Wakaenda Barabara ya Kilwa. Kesho yake wakaenda Barabara ya Kilwa. Keshokutwa yake nikamuuliza, "Hii Kilwa mnafika Kilwa yenyewe?"

"Jovi, ugonjwa huu haujitokezi mjini. Unahitaji mwendo."

"Na udi unahitaji mwendo? Mbona shati linanuka udi?"

"Gari lake ndivyo linavyonuka."

Bi Fatuma, akikanda unga, hakuinua kichwa. "Paka hafukuzwi kwa kumkaangia samaki," alisema. Akaendelea kukanda.

Nilimwelewa. Nilimwelewa hadi ikaniuma. Mimi nilikuwa nimemfukuza Sitara kwa kumtengenezea sababu ya kuja. Misi niliitia mimi kwa mkono wangu, safari wakawa wanakwenda wao. Kila nilichokiharibu kilikuwa tiketi yake. Mimi mchumba wake Tarsis hajawahi kunipeleka hata Kigamboni kula mihogo!

Na kuna jambo jingine nililisikia. Siku ile walipoondoka Tarsis alisema, "Sitara, funga mkanda."

Hakusema dada. Lile "dada" lilikuwa limedondoka huko njiani, na hakuna aliyerudi kuliokota.

*

Basi nikageuza mpango. Kama misi ndiyo inayomleta, misi ife. Leo hii.

"Tarsis," nilisema, nikijifanya napanga mafuta ya breki. Gari la Sitara lilikuwa limeachwa tena kwetu, mwenyewe yuko kwenye mapazia. "Kwa nini usizifungue plagi?"

"Plagi niliziweka kwa mkono wangu, mwanya niliupima mwenyewe."

"Umebadilisha koili, umekaza mipira, umetembea Kilwa yote. Kilichobaki ni nini?"

Alinitazama kama mtu aliyekumbushwa jina lake. Akachukua spana.

Nikaenda dukani kumletea geji mpya. Kufika nayo, plagi zilikuwa zimelala juu ya gazeti. Akajaribu jani la kwanza. Likapita bure. Akajaribu jani nene zaidi. Likapita bure.

Akakaa chini juu ya tairi.

"Jovi. Huu mwanya umefunguliwa."

"Labda joto la injini."

"Joto halina bisibisi. Ona hapa, kidole kimekwaruzwa. Huu ni mkono wa mtu."

Nikashika meza. Nyuma yangu niliusikia mwiko wa Bi Fatuma ukisimama ndani ya sufuria.

"Nani afanye hivyo?" niliuliza.

Tarsis aliigeuza ile plagi, akaigeuza tena. Nilianza kutunga maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nimefika kwenye "nilifanya kwa sababu nakupenda" alipoinua uso.

Alikuwa anatabasamu.

"Najua ni nani," alisema.

"Nani?"

"Gari linalala Upanga. Geji anayo. Kupima nimemfundisha mimi mwenyewe." Akashusha sauti. "Jovi, mwanamke huyu analiharibu gari lake mwenyewe apate sababu ya kuja hapa."

Wasomaji wangu, nimewahi kupigwa na shoti ya koili. Najua shoti ilivyo. Hii iliizidi.

"Sitara?"

"Sitara." Alilitamka kama mtu anayeonja sharubati. "Gari analolipenda vile! Anakubali kuchekwa na bodaboda barabarani! Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya fundi wa Gerezani."

"Na hukasiriki?"

"Ningekasirika vipi?" Alisimama, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kitu ambacho huwa anakifanya Pasaka na Krismasi. "Tangu nizaliwe sijapendwa kwa namna hii."

"Na mimi?"

"Wewe, Jovi, unanipenda vizuri. Kwa utaratibu." Aliniambia kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniua. "Lakini mtu wa kuharibu kitu kwa ajili yangu, hapana, sijawahi kumpata."

Nilitamani kumkamata shingo nimpigie kelele: ni mimi! Huyo mwendawazimu unayemsifu ni mimi! Mimi ndiye niliyeinua vidole vile, mimi ndiye niliyeumwa na wivu hadi nikasahau Mungu! Unayempenda ni mimi, niko hapa, nimeshika mafuta ya breki!

Sikusema. Nilifikiria uso wake akijua kwamba mchumba wake ndiye anayemharibia magari ya wateja. Fundi wa Gerezani hana cheti ukutani, ana jina. Jina lake lilikuwa limeshaanza kuchekwa Upanga kwa mkono wangu.

"Jumapili," alisema Tarsis, akijifuta kwa kitambaa, "lile tangazo la tatu. Unaonaje tukimwomba padri alisogeze mbele kidogo?"

"Kulisogeza?"

"Si kulifuta. Kulisogeza. Padri anauliza kama kuna mwenye kizuizi. Mimi sitaki kusimama pale nikiwa na maswali moyoni."

Akaingia kibandani kutafuta shati safi.

Bi Fatuma alinivuta mkono, akanipeleka nyuma ya jiko lake.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinichezee, mtoto wa Aaron. Nilikuona siku ile. Nilidhani unamsaidia, kumbe unajizika."

"Nikimwambia ataniacha, Bi Fatuma."

"Usipomwambia hakuachi? Shati safi analitafutia nini, kipaimara?"

"Nitasemaje?"

"Sema kwa mdomo huohuo unaowashindia madalali wa Kariakoo. Siku zote unao, leo umeazimisha?"

Nilikuwa naelekea kibandani. Naapa nilikuwa naelekea. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari mdomoni, nzuri, fupi, haina kona.

Bajaji ikasimama mlangoni. Sitara akashuka, baibui jeusi limepigwa pasi, mkononi hana hotipoti. Safari hii amekuja mikono mitupu.

"Fundi yuko wapi? Limepona?"

Tarsis alitoka na shati jeupe. La kanisani. Akachukua plagi zote kwenye lile gazeti, akaziweka mbele yake juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayepanga karata.

"Sitara," alisema, "sitakugombeza. Nataka ukweli tu. Hii mianya umeifungua wewe?"

Nilirudi nyuma hadi kwenye meza ya chapati, ubavuni mwa Bi Fatuma.

Sitara aliziangalia plagi. Nilimwona anashangaa. Kwa sekunde moja macho yalimtoka, kope zikacheza, akawa mtu asiyejua anaulizwa nini. Nikapumua. Atakataa. Lazima akatae, maana hajui lolote. Atakataa, Tarsis ataaibika, shati litarudi kwenye msumari, na mimi nitapata muda wa kuungama kwa mpangilio wangu.

Kisha akainua macho. Akamtazama Tarsis. Akalitazama lile shati jeupe, kola hadi kifungo cha mwisho. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama mikono.

Mikono yangu ilikuwa inajifuta kwenye gauni, na grisi haina. Niliificha nyuma, nimechelewa.

Akaelewa. Sijui kiasi gani, lakini alielewa. Na alipoelewa, uso wake ukatulia kama maji ya mtungi.

"Ndiyo," alisema Sitara. "Ni mimi."

Tarsis alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Kwa nini usiniambie tu?"

"Mwanamke atasemaje mambo hayo, fundi? Niliona gari linisemee."

Jamani! Hata maneno alikuwa nayo! Hakushika bisibisi, hakuinua boneti, lakini malipo anachukua yeye! Geji yangu aliichukua nikanyamaza. Barabara ya Kilwa nikanyamaza. "Dada" ikadondoka nikanyamaza. Sasa anachukua hata ubaya wangu, ubaya nilioufanya kwa jasho langu, anauvaa kama kanga mpya na unampendeza!

Tarsis akasogea hatua moja kwake.

Bi Fatuma alinikanyaga mguu chini ya meza ya chapati. Sikujua kama ananiambia sema au nyamaza. Sikungoja kujua.

"Muongo!" nilipiga kelele. "Muongo mkubwa wee! Hujazigusa hizo plagi hata siku moja!"

Sauti iligonga mabati yote ya Gerezani ikanirudia.

Sitara alikunja mikono tu, akaniachia uwanja, kama mtu aliyekuwa akilisubiri hilo hasa.

Tarsis aligeuka taratibu. Akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Plagi moja bado ilikuwa mkononi mwake.

"Jovi," alisema. "Umejuaje?"